Mzigo wa Nambari Mbili

Jina la Hasheem Thabeet likitajwa miongoni mwa vijana wanaocheza mpira wa vikapu hapa Ogembo, hutajwa kwa kicheko. Kijana mrefu anayekosa kikapu huitwa Thabeet. Nimelisikia neno hilo mara nyingi viwanjani, hata kutoka kwa walimu, nami naona kwamba hukumu hiyo ilitolewa kabla ya kesi kusikizwa.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Mpira wa vikapu aliuanza akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao vijana wengi wa Marekani wenye ndoto kama yake huwa wameshaucheza tangu utotoni. Kimo chake cha mita 2.21 kilimfungulia mlango wa sekondari mjini Houston, kisha Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Huko hakubebwa na urefu pekee. Katika msimu wa 2008/09 alipata wastani wa pointi 13.6 kwa kila mechi, akadaka mipira 10.8 iliyodunda ubaoni na kuzima mitupo zaidi ya minne ya wapinzani. Timu yake ikafika nusu fainali ya mashindano ya vyuo vya taifa zima. Mwezi Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika huko kabla yake.

Naam, balaa ilianzia kwenye nambari hiyo. Aliyechaguliwa wa tatu ni James Harden, aliyetawazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Wa saba ni Stephen Curry, aliyetawazwa mwaka 2015 na 2016. Kila wawili hao walipong'ara, Thabeet alisutwa upya, kana kwamba ndiye aliyejichagua! Waliomchagua ni wakubwa wa Memphis, na walimchagua ilhali tayari walikuwa na Marc Gasol, jitu jingine aliyecheza nafasi iyo hiyo chini ya kikapu. Mwanagenzi aliyehitaji kujifunza kwa kucheza akapewa takriban dakika 13 kwa mechi. Februari 2010, msimu wake wa kwanza haujesha, akashushwa hadi Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo. Hapakuwa na mchezaji aliyeteuliwa juu kiasi hicho aliyewahi kupelekwa huko. Mwaka uliofuata akauzwa Houston, halafu Portland, kisha akajiunga na Oklahoma City. Kufikia 2014 safari yake ya NBA ilikwisha: mechi 224, wastani wa pointi 2.2.

Sitamtetea kupita kiasi. Miguu yake ilikuwa mizito, na faulo zilimwandama. Isitoshe, mchezo wenyewe ulikuwa ukiwahama majitu wa chini ya kikapu na kuwaendea watupaji wa mbali, akina Curry. Lakini aliyekata tamaa hasafiri hadi Yokohama, Japani, kuanza upya akiwa na miaka 30, kama alivyofanya Thabeet mwaka 2017, kisha akaendelea kucheza hadi Taiwan. Mbona vijana wetu hawasimuliwi sehemu hiyo?

Sisi walimu wa Gusii tunaijua vizuri hukumu ya nambari. Hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto aliyepata alama 420 kati ya 500 alibebwa mabegani kijiji kizima. Akirudi na C ya kidato cha nne, waliombeba ndio waliosema amepotea. Ni wachache waliouliza alisomea wapi, nani alimfundisha, au karo ililipwa lini.

Siku hizi wapo wanaopita shuleni kutafuta vijana warefu wa kupeleka ng'ambo. Sina kinyongo nao; mlango ni mlango. Lakini mwalimu mkuu anapotia sahihi barua ya kumruhusu mwanafunzi, kuna mambo ya kuulizwa palepale, mzazi akiwapo: Huko aendako, nani tayari anacheza nafasi yake? Atapewa dakika ngapi uwanjani? Akiumia goti, au kocha akibadilishwa, karo ya chuo italipwa na nani, na hayo yameandikwa wapi?