Rekodi za Kisangani, mji zinapokomea meli

Meli inayotoka Kinshasa hupanda Mto Kongo kwa zaidi ya kilomita 1,700 bila kukutana na poromoko hata moja. Ikifika Kisangani, safari imekwisha. Hakuna njia ya maji ndefu kama hiyo kwenye mto huo mzima, na huo mwisho wake ndio uliozaa rekodi nyingine zote za mji, za fahari na za msiba. Mzigo hapa lazima ushushwe. Kila aliyeitaka Kongo ya mashariki, awe ametokea Atlantiki au ametokea Unguja, alilazimika kutia nanga au kutua mizigo papo hapo.

Kinachoizuia meli ni Maporomoko ya Boyoma. Yako saba, yamesambaa kwenye kilomita 100 hivi za mto kati ya Ubundu na Kisangani, na yote kwa pamoja hushuka mita 60 tu. Kwa kimo hayafui dafu: Maporomoko ya Victoria huanguka mita 108 kwa mara moja. Lakini wingi wa maji ni jambo jingine. Boyoma hupitisha takriban mita za ujazo 17,000 kila sekunde, kama mara saba ya Niagara, na kwa kipimo hicho yametajwa kwa miaka mingi kuwa maporomoko makubwa kuliko yote duniani. Wapo wanaoyapa taji hilo maporomoko ya Inga, kule chini karibu na bahari, ambako mto umeshapokea maji ya Ubangi na Kasai. Hoja yao ina uzito, ila hata wakishinda wao taji linabaki kwenye mto uleule. Rekodi ninayoipenda zaidi haibishaniwi: maporomoko haya huanza kusini mwa ikweta na kumalizikia kaskazini mwake.

Kwenye poromoko la mwisho wanavua Wagenia. Hukita nguzo nene za miti katikati ya miamba, huzifunga kwa kamba za msituni, kisha huteremsha migono mikubwa iliyosukwa, na nguvu ya maji yenyewe huwasukuma samaki ndani. Hakuna chambo wala injini. Henry Morton Stanley aliukuta uvuvi huo Januari 1877, alipotumia wiki tatu kuyapita maporomoko kwa kuburuta mitumbwi msituni, huku akipigana na wenyeji. Akarudi Desemba 1883 kuanzisha kituo, na mji ukaitwa Stanleyville mpaka 1966.

Gavana wa ajabu kuliko wote waliowahi kutawala hapa alikuwa Mswahili wa Unguja. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1886 watu wake walikiteka kituo cha Wabelgiji. Mwaka uliofuata Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye hakuwa na jeshi la kumng'oa, alimpa Tippu Tip mwenyewe ugavana kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Baadaye Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, katika kitabu kinachohesabiwa miongoni mwa tawasifu za kwanza za lugha hii. Msafara wa biashara ndio ulioifikisha lugha yenyewe mpaka Kisangani, na ni haki tukumbuke kwamba katika msafara huo walikuwamo watu waliofungwa minyororo. Leo Kiswahili na Kilingala vinakutana katika masoko ya mji huo, kimoja kimetoka mashariki kwa miguu, kingine kimepanda na mto.

Reli ya kuyazunguka maporomoko ilifunguliwa 1906, kilomita 125 tu mpaka Ubundu. Ni fupi, ila bila hiyo abiria asingeweza kupanda meli nyingine kuelekea Kindu na Katanga. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alipiga sehemu ya filamu ya The African Queen kwenye Mto Ruiki, kusini mwa mji. Humphrey Bogart alipata tuzo yake pekee ya Oscar kwa filamu hiyo, ambayo hadithi yake inatokea Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Katika siasa, mji huu ulimlea Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta hapa kabla ya kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru. Alipoondolewa madarakani, Novemba 1960 alitoroka Léopoldville (Kinshasa ya leo) akikimbilia Stanleyville, kwa watu wake. Alikamatwa njiani, na Januari iliyofuata akauawa. Naibu wake, Antoine Gizenga, alikuwa ameshafika, akaunda serikali iliyotambuliwa na Urusi ya Kisovyeti na Misri. Gizenga huyohuyo aliteuliwa waziri mkuu wa nchi nzima Desemba 2006, akiwa na umri wa miaka 81.

Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji na kushikilia mateka wa kigeni kwa siku 111. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Ubelgiji walishushwa na ndege za Marekani. Mateka kadhaa walipigwa risasi kabla askari hao hawajawafikia, na wageni zaidi ya 1,500 wakaokolewa. Hilo dunia inalikumbuka. Wakongomani waliouawa miezi ile, kwa mikono ya Simba na kisha ya jeshi la serikali na mamluki wake, ni maelfu, na wao hawakupelekewa ndege.

Rekodi chungu kuliko zote ni ya Juni 2000. Kwa siku sita, kuanzia tarehe 5 mpaka 10, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani, mji wa nchi ya tatu. Makombora zaidi ya 6,000 yaliangukia mitaa ya watu, na mamia ya raia walikufa. Kongo ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kesi dhidi ya Rwanda ilikwama 2006, kwa kuwa mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza. Dhidi ya Uganda, Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Februari 2022 ilipewa milioni 325, na milioni 225 kati ya hizo ni kwa madhara waliyofanyiwa watu, wa Kisangani na wa Ituri pia. Mahakama iliagiza zilipwe kwa awamu tano za milioni 65, kila Septemba, ya mwisho ikiwa Septemba 2026.