Kijana Aachiwe Mikarafuu Yake

Wanachama wengi hutuuliza kwa nini vijana wao, waliosoma skuli na kupasi, hukaa barazani wakingojea kuajiriwa. Hudhani kwamba ni uvivu. Sisi twaona sababu iko penginepo, na wataalamu wa elimu ya nafsi wamekwisha kuitafuta kwa kupima, si kwa kubahatisha.

Huko Lomé, mji mkuu wa Togo, wenye biashara ndogo ndogo 1,500 waligawanywa mafungu matatu. Fungu moja hawakufundishwa kitu. La pili walifundishwa hesabu na mambo ya duka kama ilivyo desturi. La tatu walifundishwa tabia: kuanza jambo bila ya kuambiwa, kuiona shida kabla haijafika, na kutokata tamaa kazi inapokwama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Faida ya fungu la tatu ilizidi kwa asilimia 30 kuliko ya wale wasiofundishwa. Ya fungu la pili ilizidi kwa asilimia 11, kiasi ambacho chaweza kuwa ni bahati tu.

Hao walikuwa watu wazima. Lakini Mjerumani Michael Frese, mmoja wa wataalamu hao, na wenzake walikwisha kuitumia fikira hiyo Uganda kwa wanafunzi. Vikundi hupewa mtaji wa kiasi cha dola 100, na katika wiki 12 hapana budi waanzishe biashara ya kweli, kisha warudishe fedha.

Tusidanganyike, hata hivyo, kwamba kila somo la biashara lafaa. Uholanzi wanafunzi wa chuo waliendesha kampuni ndogo ya mafunzo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 haukuona ustadi wao kuzidi, na hamu yao ya biashara ilipungua. (Pengine walitambua mapema ugumu wake, nako si hasara tupu.) Na Uganda ilionekana kwamba mapenzi ya kazi apatayo kijana darasani hupoa, ila kwa yule aendeleaye kuamini kwamba aweza. Imani hiyo haiji kwa hotuba. Huja kwa kufanya jambo na kulimaliza.

Sasa tujitazame. Mtoto wa mkulima huchambua karafuu usiku, huanika, hukimbilia majamvi mvua ijapo. Gunia lifikapo kituoni, baba ndiye apokeaye fedha, na mtoto haambiwi zilikuwa kilo ngapi, za daraja gani, wala wachumaji walilipwa nini kwa pishi. Miaka 10 amefunzwa utumishi. Kisha twamshangaa akitafuta wa kumtumikia!

Kamati yapendekeza kwamba msimu ujao kila mwanachama amwachie kijana wake, wa kiume au wa kike, mikarafuu miwili. Mtini apande mchumaji mzoefu. Bei apatane naye kijana. Aanike, aandike daftari, aende kituoni pamoja na mzazi, na fedha zikae mkononi mwake. Zikinyeshewa, hasara ni yake, mzazi asimfidie. Mavuno yakiwa haba, afanye kitalu cha miche.

Wazee wengine wasema fedha zitamharibu mtoto. Hofu hiyo ina haki yake, ndiyo maana twasema mikarafuu miwili, si shamba.

Wenye kukubali waandikishe majina kwa Katibu kabla ya mkutano mkuu. Daftari zitatolewa bure, moja kwa kila kijana, nazo zitasomwa na Kamati baada ya msimu.