Anayejiua huenda wapi? Sinema zina majibu yake

Je, msomaji, umewahi kuketi sebuleni na wanao mkitazama filamu, kisha ghafla mhusika mmoja akajitoa uhai na nyumba nzima ikanyamaza? Aghalabu mzazi hukohoa kidogo, akaulizia chai, au akaanza kutafuta rimoti. Mtoto naye hubaki na swali lake kooni: huyu sasa ameenda wapi?

Sinema zimekuwa zikilijibu swali hilo kwa miaka mingi, na mara nyingi hulijibu kabla ya mzazi kufungua kinywa. Zipo zinazompeleka marehemu kuzimu, zipo zinazomtumia malaika kabla mambo hayajaharibika, na zipo zinazomwacha aendelee kuzungumza kana kwamba hakufa. Katika makala haya ningependa tuitazame moja kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna kosa kubwa na ukweli mkubwa kwa wakati mmoja.

Filamu yenyewe ni What Dreams May Come ya mwaka 1998, iliyoelekezwa na Vincent Ward wa New Zealand kutokana na riwaya ya Richard Matheson ya mwaka 1978. Jina lake limechotwa kwa Shakespeare, pale Hamlet anapojiuliza kama ni heri kuishi au kufa, na kukiri kwamba kinachomtia mtu hofu ni kutojua atakayoyaota akishalala usingizi wa mauti.

Robin Williams anaigiza kama Chris Nielsen, daktari wa watoto. Mkewe, Annie, ambaye nafasi yake imechukuliwa na Annabella Sciorra, ni mchoraji. Wamejaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike, na wote wawili wanakufa katika ajali moja ya gari. Miaka minne baadaye Chris naye anafia barabarani. Annie, ambaye alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili baada ya msiba ule wa kwanza, anabaki peke yake ndani ya nyumba akijilaumu kwa vifo vyote vitatu. Hatimaye anajiua.

Mume yuko peponi wakati huo. Pepo yake imeumbwa kwa picha alizokuwa akichora mkewe, hata rangi haijakauka. Akikanyaga ua linapondeka na kumchafua miguu. Kwa ufundi huo filamu ilipata tuzo ya Oscar, na kwa kweli macho hayachoki kuitazama. Lakini Chris anapoambiwa kwamba mkewe amekufa, na kuanza kushangilia kuwa watakutana, mwenyeji wake anamkata kauli: waliojiua hawafiki huku.

Anaelezwa kwamba hakuna hakimu aliyemhukumu Annie wala moto uliowashwa kwa ajili yake. Amenaswa tu katika uchungu wake mwenyewe, wala hajui kwamba amekufa. Chris anafunga safari ya kumtafuta, na anapomfikia anamkuta katika nyumba yao ile ile, ila sasa ni giza, imechakaa na kuoza. Annie ameketi humo. Mumewe anaongea naye, yeye hamtambui.

Aliyewahi kuishi na mgonjwa wa aina hii ataijua nyumba hiyo. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno sonona. Sisi huku hupenda kusema msongo wa mawazo, hali ambayo hata mzazi anayedaiwa karo huwa nayo wiki mbili akapona akilipa. Ugonjwa ninaouzungumzia hauondoki kwa risiti ya benki. Mtu hukosa usingizi au hulala mchana kutwa, chakula hakina ladha, aliyokuwa akiyapenda hayamvutii tena, na kila neno la faraja humfikia kama sauti inayotoka ng'ambo ya mto. Ward ameuchora vizuri kuliko wengi. Kosa lake ni kuuchora kuzimu, ilhali mgonjwa huwa hapa hapa duniani, chumba cha pili.

Kosa hilo si dogo. Hata ukieleza mara ngapi kwamba hakuna hakimu, mtoto aliyeketi zuliani anaona jambo moja tu: baba aliyegongwa na gari yuko kwenye maua, mama aliyeugua yuko gizani. Katika jamii nyingi zetu aliyejiua alizikwa haraka haraka, bila nyimbo wala hotuba, na watoto wake wakakua na aibu wasiyoijua chanzo. Filamu kama hii huweza kuitia aibu hiyo muhuri.

Dini zenyewe, msomaji, zimekuwa na huruma kuliko sinema. Kanisa Katoliki, ambalo sheria yake ya mwaka 1917 ilimnyima aliyejiua kwa makusudi mazishi ya kanisa, liliondoa katazo hilo katika sheria mpya ya mwaka 1983. Katekisimu yake ya mwaka 1992 inasema kujiua ni kosa zito, lakini inaongeza kwamba maradhi mazito ya akili hupunguza lawama, na kwamba tusiukatie tamaa wokovu wa marehemu. Uislamu nao umeharamisha tendo hili waziwazi, lakini wanazuoni wengi wanashikilia kwamba aliyelitenda huswaliwa kama Mwislamu mwingine, na aliyetokwa na akili haandikiwi dhambi.

Sasa nije kwenye ukweli wa filamu hii. Akiwa katika nyumba ile ya giza, Chris anaacha kumvuta mkewe mkono. Anakaa chini na kumwomba msamaha. Anakiri kwamba watoto walipokufa yeye alijifanya jabali. Alirudi kazini, hakuanguka, na ushujaa huo ukawa pango la kujificha, huku mkewe akiachwa alie peke yake.

Je, hili halitufahamu sisi? Nenda matanga yoyote Nairobi au mashambani usikilize neno linalorudiwa zaidi. "Jikaze." Mama aliyepoteza mtoto huambiwa ajikaze, asilie mbele ya wadogo, amshukuru Mungu kwa waliobaki. Siku ya tatu baada ya mazishi hema zinakunjwa, viti vya kukodi vinarudishwa, na jamaa wanapanda matatu. Mama anabaki na sufuria kubwa zisizo na wa kuzipakua. Hakuna aliyemkosea kwa nia mbaya. Kila mmoja alidhani akimwonyesha ukakamavu anamsaidia.

Chris anaamua kubaki naye mle gizani, hata ikibidi apoteze fahamu kama yeye, na uamuzi huo ndio unaomfumbua Annie macho. Hapo pia nina neno. Filamu inatuambia mapenzi peke yake yanatosha kuponya, ilhali mume mwenyewe ni daktari na hatuoni dawa yoyote wala mshauri anayerudi kumwona mgonjwa baada ya msiba wa pili. Kukaa na mgonjwa ni jambo kubwa. Lakini huyo aliyekaa naye ndiye pia wa kumshika mkono hadi kliniki.

Kuna filamu iliyofanya kazi hiyo vyema zaidi, tena ni ya zamani sana. Katika It's a Wonderful Life ya Frank Capra, ya mwaka 1946, George Bailey anasimama darajani mkesha wa Krismasi kwa sababu dola 8,000 za kampuni yake zimepotea. Malaika Clarence hamhubirii. Anajitupa yeye majini, na George analazimika kuruka kumwokoa. Mwishowe majirani wanachanga pesa mezani, harambee ambayo Mkenya yeyote angeitambua.

Mfano wa upande wa pili ni 13 Reasons Why, tamthilia ya Netflix ya mwaka 2017 ambayo wanafunzi wengi wanaijua kuliko walimu wao. Msichana Hannah ameacha kanda za sauti kuwaeleza wenzake walivyochangia kifo chake. Maiti inaendelea kusema, inalipiza kisasi, na kila aliyetajwa anaisikiliza. Hiyo nayo ni ahera ya aina yake, na ni ya uongo: aliyekufa haoni wanaomlilia, wala hasikii wakiomba radhi. Mwaka 2019, baada ya kushauriwa na wataalamu, Netflix iliikata sehemu iliyoonyesha kifo chenyewe.

Robin Williams mwenyewe alijiua tarehe 11 Agosti 2014, akiwa na umri wa miaka 63. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba ubongo wake ulikuwa umeshambuliwa na maradhi yaitwayo Lewy body, ambayo madaktari hawakuyatambua akiwa hai. Usiku huo shirika linalotoa tuzo za Oscar lilisambaza picha ya jini aliyemwigizia sauti katika Aladdin, na maneno ya kumwambia kwamba sasa yu huru. Mamilioni waliipenda. Wataalamu walilalamika, maana kijana anayeteseka husoma hapo kwamba kifo ni ufunguo wa kutokea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba katika miezi iliyofuata, idadi ya waliojiua Marekani ilizidi ile iliyotarajiwa kwa karibu asilimia 10.

Lakini hadithi huweza pia kuokoa. Katika opera ya Mozart ya mwaka 1791, The Magic Flute, Papageno anataka kujiua kwa kukosa mchumba, na wavulana watatu wanamkumbusha kengele zake za ajabu. Watafiti wa Austria walipogundua mwaka 2010 kwamba habari za watu waliofikiria kujiua wakapata njia nyingine ziliambatana na kupungua kwa vifo, waliipa hali hiyo jina lake.

Kwa hivyo filamu ikifika pale pabaya, mzazi, acha rimoti. Muulize mwanao anadhani mhusika yule alikuwa akihisi nini, na nani angemsikiliza. Kumuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuwazia hivyo hakumtii wazo hilo kichwani; wataalamu wanakubaliana kuhusu hilo. Nawe mwanafunzi, ikiwa nyumba ile ya giza unaijua kwa ndani, mwambie mtu leo. Usiogope polisi: kifungu cha 226 cha sheria zetu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kilitangazwa na Mahakama Kuu Januari 2025 kuwa kinyume cha Katiba. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya nalo lina washauri kwenye nambari 1199, na simu hiyo hupigwa bila malipo.