Enka, Goti na Vidonge Vitamu: Majeraha ya Michezo na Tiba ya Homeopathi

Majeraha ya michezo huja kwa njia mbili. Yapo ya ghafla: mchezaji anakanyaga vibaya, enka inapinda kwa ndani, na kabla mwamuzi hajapuliza filimbi mguu umeshaanza kuvimba. Yapo pia yanayojengeka taratibu, wiki baada ya wiki, pale msuli, kano au mfupa unapopewa kazi kubwa kuliko muda wa kupumzika. Yale ya ghafla huonekana na kila aliye uwanjani. Haya mengine huitwa uchovu, mchezaji akaendelea kucheza hadi siku mguu unapogoma.

Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita ni nchi ya mpira. Stand United, maarufu kama Wapiga Debe, ilitoka stendi ya mabasi ya Shinyanga hadi Ligi Kuu. Mwadui FC ilikulia kwenye mgodi wa almasi wa Kishapu. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na katika msimu wake wa kwanza mshambuliaji wake George Mpole akaibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Klabu za ngazi hiyo huwa na daktari kwenye benchi la ufundi. Lakini wanaoumia wengi zaidi ni wale wa mchangani na wa ndondo, ambao daktari wao ni mwenzao mwenye chupa ya maji na mafuta ya kuchua.

Viwanja vyenyewe vinachangia. Udongo ambao Wasukuma huuita ibambasi hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na anayeuangukia huchubuka goti na kiwiko kwa pamoja. Kwenye mbuga, ng'ombe hupita masika udongo ukiwa tope, na kiangazi kikifika nyayo zao zimeganda na kuwa vishimo. Mchezaji anayekimbia huku akiutazama mpira wa juu hana namna ya kuviona. Kwa vijana wa machimbo kama Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa kuna jambo la ziada. Kijana aliyeshinda ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, akivuta viroba vya mawe, au kwenye makarasha ya kusaga mawe, huingia uwanjani saa kumi na moja jioni na misuli iliyokwisha kuchoka. Msuli uliochoka huchelewa kukaza, na huko kuchelewa ndiko kunakoachia kiungo kipinde kupita kiasi.

Enka ndiyo inayoumia mara nyingi kuliko viungo vingine karibu vyote, hivyo inafaa kuielewa kwa kina. Mifupa ya enka imefungwa pamoja kwa nyuzi imara ziitwazo ligamenti. Wayo ukipinda kwa ndani, ligamenti za upande wa nje huvutika. Zikizidiwa, baadhi ya nyuzi hukatika, au hukatika zote. Mishipa midogo ya damu hupasuka, damu na majimaji hujaa, na uvimbe hutokea. Uvimbe huo unaumiza, lakini pia ni mwanzo wa kupona. Ndani ya siku chache za kwanza seli za mwili husafisha nyuzi zilizokufa. Kisha nyuzi mpya huanza kusukwa, kazi inayochukua wiki kadhaa. Mwisho nyuzi hizo hupangwa na kukazwa upya, na hatua hii inaweza kuendelea kwa miezi, hata mwaka. Maumivu huisha mapema mno kuliko kazi hiyo, na ndiyo sababu enka iliyoteguka mara moja huteguka tena: mwenyewe haumwi, kwa hiyo anadhani amepona.

Kosa linalofanyika sana katika saa za mwanzo ni kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu. Joto hupanua mishipa ya damu ambayo ndiyo kwanza imepasuka, na vidole vya mchuaji huzidi kuchana nyuzi ambazo bado zilikuwa zimeshikana. Kinachotakiwa ni kuacha kucheza papo hapo, kuufunga mguu kwa bandeji isiyobana sana, na kuuinua juu ya mto au kiroba cha nguo. Barafu hupunguza maumivu. Hata barafu za vifuko zinazouzwa mitaani zinafaa, mradi zifungwe kwenye kitambaa, zikae dakika 15 hadi 20, kisha ziondolewe. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeeneza kanuni ya mapumziko na barafu mwaka 1978, alikuja kubadili msimamo mwaka 2014 akisema barafu nyingi na kulala muda mrefu vinaweza kuchelewesha kupona. Leo wataalamu wengi wanashauri mguu upumzishwe siku mbili tatu tu, kisha uanze kusogezwa na kukanyagiwa kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Je, mfupa umevunjika au enka imeteguka tu? Kanuni zilizotungwa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990 humsaidia hata muuguzi wa zahanati isiyo na eksirei. Mgonjwa anahitaji picha endapo hawezi kupiga hatua nne, si pale alipoumia wala pale anapopimwa. Anaihitaji pia endapo anaumia anapobonyezwa kwenye ncha ya chini au ukingo wa nyuma wa mojawapo ya mifupa miwili inayochomoza pembeni mwa enka, kwenye shina la mfupa wa kidole kidogo katikati ya ubavu wa nje wa wayo, au kwenye mfupa ulio juu ya upinde wa ndani. Asiye na dalili hata moja kati ya hizo, uwezekano wa kuwa amevunjika ni mdogo sana. Kanuni hizi zilitungwa kwa watu wazima. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, ni heri kuwahi hospitali.

Goti lililopinda mchezaji akigeuka ghafla, likatoa mlio na kujaa ndani ya saa chache, lina uwezekano mkubwa wa kuwa limekatika ligamenti iliyo katikati ya kiungo. Ligamenti hiyo hairudi yenyewe kwa kawaida, na baadhi ya wagonjwa huhitaji upasuaji wa kibingwa kama ule wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996. Nyama za paja zinazochanika mchezaji akiwa kwenye mbio kali hupona, lakini kwa wiki, si kwa siku. Mwendesha baiskeli anayeanguka, na Usukumani mbio za baiskeli zina wapenzi wengi, mara nyingi huvunjika mtulinga kwa sababu hutanguliza mkono au bega. Aliyegongwa kichwani, akapoteza fahamu, akatapika au akawa anauliza swali lilelile mara kwa mara, hapaswi kurudi uwanjani siku hiyo hata akisisitiza kwamba yuko sawa.

Homeopathi huingia hapa, kama dawa inayodai kutibu karibu yote hayo kwa vidonge vidogo vyeupe vyenye utamu wa sukari.

Mwanzilishi wake ni Samuel Hahnemann, daktari Mjerumani aliyezaliwa Meissen mwaka 1755 na kufariki mwaka 1843. Mwaka 1790 alikula gome la mti wa kwinini akiwa mzima, akajisikia dalili alizozifananisha na homa ya malaria. Kutokana na hilo alijenga kanuni kwamba kinachomletea mzima dalili fulani kinaweza kumponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Kanda ya Ziwa, ambako kwinini imetibu vizazi kwa vizazi, jibu linajulikana: kwinini ilifanya kazi kwa sababu ilishambulia vimelea vya malaria, na kemikali yenyewe ilikuwemo ndani ya dawa kwa kipimo kamili.

Kanuni ya pili ya Hahnemann ndiyo iliyo nzito zaidi. Dawa huchanganywa sehemu moja kwa sehemu 99 za maji au pombe, hutikiswa, kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo huchanganywa tena kwa 99, na kuendelea. Wafuasi wake wanaamini kwamba kadiri inavyozimuliwa ndivyo inavyopata nguvu. Hatua ya 10 tayari ni hafifu kuliko tone moja lililotiwa katika Ziwa Victoria zima. Dawa nyingi zinazouzwa zimefikishwa hatua ya 30, na tangu hatua ya 12 hivi kemia inaonyesha kwamba huenda hakuna hata molekuli moja ya kitu cha mwanzo iliyobaki. Anachomeza mchezaji ni sukari.

Vitabu vya homeopathi vina orodha ndefu ya dawa za wanamichezo. Arnika, ua la njano la milima ya Ulaya, hutolewa kwa aliyegongwa na kuvilia damu. Rus toks, inayotokana na mmea wa Amerika Kaskazini unaowasha ngozi vibaya, hupewa anayekakamaa asubuhi na kulegea akitembea, na brionia hupewa yule ambaye kila akisogea anaumia zaidi. Ruta ni ya ligamenti na kano, simfitamu ni ya mifupa iliyovunjika. Tabibu wa homeopathi huuliza maswali mengi kabla ya kuchagua: maumivu yanazidi saa ngapi, baridi inasaidia au inadhuru, mgonjwa analalaje. Usikivu huo unastahili heshima, na wagonjwa waliozoea kuhudumiwa kwa dakika tatu kwenye foleni ndefu huuona mara moja.

Wengi huchanganya homeopathi na mitishamba. Dawa ya mizizi anayochemsha mganga wa Kisukuma ina mizizi kweli. Inaweza kusaidia au kudhuru kwa sababu ina kemikali ndani yake. Mafuta ya arnika yasiyozimuliwa nayo yana kemikali za mmea, na yamewahi kuonyesha nafuu kwa wazee wenye maumivu ya viungo vya vidole. Kidonge cha arnika cha hatua ya 30 ni kitu kingine kabisa, ijapokuwa jina kwenye kichupa ni lilelile.

Dawa hizo zimepimwa kwa wanamichezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulihusisha wakimbiaji wa mbio ndefu nchini Uingereza: baadhi walipewa arnika ya homeopathi, wengine vidonge vinavyofanana nayo visivyo na kitu, na hakuna aliyejua amepewa kipi. Wakimbiaji 400 walikamilisha utafiti, na arnika haikupunguza maumivu ya misuli kuliko vidonge vitupu. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti 176 kuhusu matatizo 61 ya kiafya na halikupata hata tatizo moja ambalo kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathi inalitibu. Mwaka 2017 huduma ya afya ya Uingereza iliwashauri madaktari wake waache kuiandika.

Bado wapo wachezaji wanaoapa kwamba iliwaponya, nao hawasemi uongo. Enka iliyoteguka kwa wastani hupata nafuu kubwa ndani ya wiki mbili hata bila dawa yoyote, na anayemeza kidonge katika wiki hizo hukipa kidonge sifa zote. Watu pia hutafuta dawa siku maumivu yapo juu kabisa, na kutoka hapo kwa kawaida hushuka tu. Imani nayo hupunguza maumivu kweli, jambo linaloonekana mara kwa mara katika utafiti. Lakini imani haiungi ligamenti iliyokatika wala kunyoosha mtulinga uliopandana.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda baraza la kusajili matabibu wa fani hizo. Usajili unamtambulisha tabibu. Hauthibitishi kwamba dawa yake inatibu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi ya kutumia homeopathi kutibu malaria, kifua kikuu na UKIMWI. Kwenye michezo hatari kubwa ni kuchelewa: mfupa uliovunjika unaotibiwa kwa simfitamu wiki tatu huanza kuunga ukiwa umepinda. Hatari hiyohiyo ipo kwa mganga wa mifupa anayefunga vijiti kwa kubana. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, vijiti vilegezwe hapo hapo na mgonjwa apelekwe hospitali ya mkoa, au Bugando jijini Mwanza ikibidi. Sindano za kutuliza maumivu ili mchezaji amalize fainali nazo ni hatari, kwa sababu humruhusu aendelee kuchana kilichochanika. Tangu Januari 2022, sindano zote za dawa za jamii ya kotisoni zimepigwa marufuku wakati wa mashindano.

Kinachomrudisha mchezaji uwanjani ni mazoezi, na hayahitaji duka la dawa. Baada ya enka kutulia, asimame kwa mguu mmoja kwa nusu dakika, macho wazi kisha yamefumbwa. Apande na kushuka kwa ncha za vidole. Arukeruke kwa mguu mmoja mbele na pembeni. Ndipo akimbie kwa kukata kona. Akiweza kuruka kwa mguu ulioumia sawasawa na mzima, bila maumivu na bila kuvimba kesho yake, anaweza kurudi mazoezini na wenzake.

Kwa timu nzima upo utaratibu wa kupasha misuli ambao wataalamu wa FIFA waliuandaa mwaka 2006, wenye mazoezi 15 ya kukimbia, kuimarisha misuli na kujifunza kutua vizuri baada ya kuruka. Huchukua dakika 20 hivi na hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Kwa wasichana 1,892 wa Norway, matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha majeraha kwa jumla yakipungua kwa takriban theluthi moja, na yale makubwa kwa karibu nusu. Lagos, Nigeria, wavulana 416 wa timu 20 za vijana walipimwa kwa njia hiyohiyo, na majeraha kwenye timu zilizoufuata yalipungua kwa asilimia 41. Kocha wa timu ya mtaani Kahama au Katoro anaweza kuuanza jioni ileile anapokusanya vijana wake, mara mbili kwa wiki, kabla mpira haujawekwa katikati.