Namba 320 Haiponyi Wimbo

Katika saiba za Buruburu, Umoja na Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, na katika vibanda vya mafundi wa kompyuta vilivyojipanga kando ya barabara za mitaa hiyo, swali moja huulizwa na karibu kila anayetaka kompyuta yake ya nyumbani imshushie nyimbo bila yeye kukaa mbele yake: ni programu gani inayoshusha nyimbo kwa 320? Swali hilo limeulizwa mara nyingi mno, na limejibiwa vibaya mara nyingi vilevile, hata watu wakaamini kwamba ubora wa wimbo huamuliwa na namba inayochaguliwa katika kisanduku cha programu. Hauamuliwi hapo. Ubora wa wimbo huamuliwa pale faili ya kwanza ilipotengenezwa na pale ilipohifadhiwa, na programu ya kushusha, iwe ya bure au ya kulipiwa, haina uwezo wa kuongeza hata chembe ya sauti ambayo haikuwamo katika chanzo.

Namba 320 yenyewe ina maana mahususi. Sauti inapogeuzwa kuwa namba, kila sekunde yake huandikwa kwa biti, yaani zile sifuri na moja ambazo kompyuta husoma, na kasi ya biti ni hesabu ya biti zinazotumika kuhifadhi sekunde moja ya muziki. CD ya kawaida hutumia kilobiti zipatazo 1,411 kwa sekunde, kwa kuwa hupima mawimbi ya sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, katika njia mbili za kushoto na kulia. MP3 ya kilobiti 320, ambayo ndiyo kiwango cha juu kabisa katika MP3 ya kawaida, hutumia chini ya robo ya kiasi hicho. Upungufu huo hupatikana kwa kutupa: kodeki, yaani sehemu ya programu inayobana sauti na kuibanua, hukadiria ni sauti zipi zinazofunikwa na nyingine zenye nguvu kiasi kwamba sikio la kawaida haliwezi kuzitambua, kisha huzihifadhi kwa uhafifu au huziacha kabisa, na kilichoachwa hakiandikwi mahali popote katika faili.

Hapo ndipo imani ya 320 inapoporomoka, kwa sababu chanzo kinachotumiwa na wengi wa waulizaji ni YouTube. Video inapowekwa YouTube, sauti aliyoipeleka msanii hubanwa upya na mtandao huo, na msikilizaji asiyelipia hupewa ama sauti ya AAC ya kilobiti zipatazo 128 kwa sekunde, ama sauti ya Opus, kodeki mpya zaidi iliyosanifishwa mwaka 2012, ambayo kwa kawaida huwa kati ya kilobiti 130 na 160. Hakuna faili ya MP3 ya 320 iliyowekwa huko ikisubiri kushushwa. Tovuti au programu inayotangaza kwamba huigeuza video kuwa MP3 ya 320 kwa mfano huichukua ile AAC ya 128, huibanua, kisha huibana upya katika faili kubwa zaidi, na kwa kufanya hivyo haipati mahali pa kuzitoa sauti zilizokwisha kutupwa. Maziwa yaliyotiwa maji hayawi mazito kwa kumiminwa katika sufuria kubwa, na sauti ya kilobiti 128 haiwi ya 320 kwa kuandikwa katika faili yenye nafasi ya 320.

Wala haitoshi kusema kwamba ugeuzaji huo hauna faida, kwa sababu una hasara. Kodeki ya MP3 haijui kwamba sauti iliyoletewa ilikwisha kupunguzwa na kodeki ya AAC, kwa hiyo nayo hufanya makadirio yake na kutupa inachoona hakihitajiki, na matokeo yake ni nakala iliyo mbali zaidi na sauti ya studio kuliko ile iliyokuwa YouTube. Hasara nyingine ni ya nafasi. Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 128 huchukua megabaiti zipatazo 3.8, na kwa kilobiti 320 huchukua megabaiti 9.6. Flashi ya gigabaiti 8 inayoweza kubeba nyimbo zipatazo 2,000 za aina ya kwanza hubeba nyimbo zipatazo 800 tu za aina ya pili, na mwenye flashi amezipoteza nyimbo zaidi ya elfu moja kwa ajili ya namba isiyomletea kitu.

Wanaoitetea 320 hudai kwamba tofauti huisikia kwa masikio yao wenyewe, na dai hilo linastahili kujibiwa kwa sababu si la uongo mtupu. Kwanza, baadhi ya programu za kugeuza huongeza ukubwa wa sauti wakati wa kugeuza, na sikio la binadamu, linapolinganisha sauti mbili zinazofanana, huiona iliyo kubwa kidogo kuwa ndiyo nzuri, hata kama haina chochote cha ziada. Pili, namba hiyo iliwahi kuwa alama ya kweli. Wakati nyimbo zilipokuwa zikinakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye CD, faili ya 320 ilikuwa imetokana na sauti kamili na kwa hakika ilizidi ya 128, na hadi leo DJ anayenunua nyimbo kutoka kwa wauzaji wanaozipata kwa lebo au kwa msanii mwenyewe hupewa 320 ya haki. Kosa ni kuichukua alama ya chanzo chema na kuibandika juu ya chanzo duni, kisha kuamini kwamba alama imekibadilisha chanzo.

Asiyeridhika na hoja na apime. Programu ya bure iitwayo Spek huchora picha ya wimbo ikionyesha mawimbi yake kuanzia ya chini hadi ya juu kadiri wimbo unavyoendelea. MP3 ya 320 iliyotoka kwenye CD kwa kawaida huonyesha sauti inayopanda hadi karibu kilohezi 20, ambao ni mpaka wa juu wa usikivu wa kijana mwenye masikio mazima, ilhali faili nyingi zilizotokana na AAC au MP3 ya 128 hukatika ghafla karibu na kilohezi 16, kama ukuta, hata kama jina la faili limeandikwa 320. Opus inaweza kupita mpaka huo, kwa hiyo kukosekana kwa ukuta si uthibitisho wa ubora, lakini ukuta ukionekana ndani ya faili inayojiita 320, huo ni ushahidi mzito kwamba chanzo chake kilikuwa duni. Katika spika ndogo ya simu huenda kasoro hizo zisisikike, ila katika matatu ya namba 58 iendayo Buruburu, ambayo mwenyewe amegharimia mitambo ya muziki kuliko viti, matoazi hugeuka kuwa mchakacho na sauti za waimbaji hupoteza ncha zake, na lawama huishia kwa fundi wa spika asiyehusika.

Programu zinazodai kuirudisha sauti iliyopotea nazo haziponyi kitu. Hizo hukisia ni sauti gani ingeweza kuwapo na kuibuni, na kilichobuniwa si kile kilichoimbwa. Zile tovuti za kugeuza video zina hatari ya ziada, kwa kuwa nyingi huishi kwa matangazo yenye vitufe vya uongo vya kushusha, na anayebonyeza kitufe kisicho chake huingiza programu asiyoijua katika kompyuta ambayo huenda ndiyo hiyo hiyo mtoto anafanyia kazi za shule na mzazi anajazia fomu za kodi.

Suala hili la ubora wa sauti lina uzito wa pekee katika Eastlands kwa sababu ya muziki uliozaliwa humo. Kalamashaka walitoka Dandora katika miaka ya 1990 na kuifanya rap ya Kiswahili na Sheng isikike Kenya nzima. Calif Records, studio iliyohusishwa na mtaa wa California ulio karibu na Eastleigh, iliujenga mtindo wa muziki uitwao genge mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na mwaka 2018 kundi la Ethic kutoka Umoja lilifungua mlango wa mtindo wa gengetone kwa wimbo Lamba Lolo, ulioenea kupitia YouTube. Sehemu kubwa ya urithi huo leo inazunguka katika flashi zilizojazwa kutoka flashi nyingine, na ingawa kunakili faili tu hakuiharibu, kila mara mtu anapoigeuza kutoka aina moja hadi nyingine ili ipate namba ya kupendeza, safu moja ya muziki hung'olewa. Mtaa ambao wasanii wake hawakupata makumbusho wala maktaba ya sauti ya kuwahifadhia kazi zao hauwezi kumudu kuziharibu kwa mikono yake wenyewe.

Swali la haki, basi, ni jinsi ya kuipa kompyuta kazi ya kupata faili iliyo karibu zaidi na studio na kuilinda isiguswe. La kwanza ni ruhusa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwenye kazi haki ya kuamua nani anainakili, na masharti ya YouTube hukataza kushusha nje ya njia inayotolewa na mtandao wenyewe, isipokuwa kwa idhini. Kwa hiyo mitambo inayoelezwa hapa ni kwa nyimbo za mtu mwenyewe, za kundi alilopewa idhini nalo, za leseni huria, na podikasti. Kwa nyimbo nyingine, huduma ya Mdundo, iliyoanzishwa Nairobi, hutoa faili kwa makubaliano na wasanii, na Bandcamp huuza nyimbo kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti bila kutupa chochote, huku sehemu kubwa ya malipo ikimfikia msanii.

Kwa chanzo kilichoruhusiwa, programu huria ya yt-dlp ikisaidiwa na ffmpeg inatosha. Ipewe amri ya -f bestaudio na -x pekee, bila kutajiwa MP3, nayo itaitoa sauti kama ilivyo, iwe AAC au Opus, bila kuigeuza. Amri ya --download-archive ikifuatwa na jina la faili huifanya iweke orodha ya vilivyokwisha kushushwa ili isivirudie. Kipanga kazi cha Windows, au cron katika Linux, kiipangie kuamka usiku. Umeme ukikatika, kwa kawaida itaendelea pale ilipoachia. Iboreshwe mara kwa mara, kwa kuwa toleo la zamani huacha kufanya kazi pindi tovuti inapobadilika.

Anayetaka mfumo unaofuatilia wasanii wenyewe na atumie Lidarr, akielewa mambo matatu. Lidarr haina muziki ndani yake, bali husimamia programu nyingine na kupanga kinacholetwa. Majina yote huyachukua kutoka MusicBrainz, hifadhidata inayojazwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo msanii wa Kariobangi asiyeandikwa humo kwa Lidarr ni kama hayupo, na tiba ni kufungua akaunti ya bure na kumwandika. Tena, mpangilio wake wa kawaida hutafuta albamu tu, ilhali genge na gengetone hutoka zaidi kama wimbo mmoja mmoja. Mwenye kompyuta afungue wasifu wa metadata, yaani mpangilio wa aina za kazi zinazotafutwa, na kuruhusu singo na EP. Faili zilizokwisha kuwapo zipangwe kwa MusicBrainz Picard, ambayo hutambua wimbo kwa kusikiliza sauti yake na kurekebisha jina bila kuigusa sauti.

Redio ya gari isiyosoma Opus huenda ikasoma AAC, na hapo programu iombwe m4a, yaani aina ya faili inayobeba AAC, tangu mwanzo. Isiyosoma chochote ila MP3 itengenezewe nakala ya MP3 mara moja tu, kutoka katika faili ya asili. Kilobiti 192 zinatosha kwa chanzo cha 128, na faili ya asili ibaki katika diski ya nyumbani na katika diski ya pili inayowekwa kwa ndugu au rafiki, kwa sababu diski moja ikifa huondoka na kila kilichomo. Mwenye saiba anayejaza flashi za wateja naye ana wajibu wake: akome kuandika 320 juu ya faili asizojua zimetoka wapi, na badala yake amweleze mteja chanzo cha kila wimbo, kwa kuwa hicho ndicho kipimo pekee cha ubora ambacho hakuna programu inayoweza kukighushi.