Anayedaiwa Naye Ana Haki

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ile ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu deni. Yaamrisha deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, muda wake utajwe, na mwandishi awe muadilifu. Ndani yake mna jambo ambalo wengi wetu hulipita haraka: mwenye kumtamkia mwandishi maneno ya kuandikwa ni yule anayedaiwa. Wanazuoni wameieleza hekima yake. Yeye ndiye atakayebanwa na maandishi hayo, basi na yatoke kinywani mwake, hali ya kuyajua na kuyakiri.

Tutazame sasa deni la zama zetu. Mama ahitaji shilingi 5,000 za mtaji wa mahamri. Afungua simu, abonyeza palipoandikwa kwamba amekubali, na pesa zaingia papo hapo. Maneno yote yametungwa na mdai, aghalabu kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo kama punje za mtama. Mdaiwa hakusoma wala hakusomewa.

Hukumu ya riba yajulikana, na makala haya hayahalalishi kilichoharamishwa. Lakini aliyekwisha kuingia katika deni hafai kuachwa adhulumiwe mara ya pili, na nyumba zetu nyingi hapa Pwani zimo katika madeni ya namna hii, tupende tusipende.

Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 46, yampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zikaenda mbali zaidi kwa wakopeshaji wa simu: ni lazima wawe na leseni, na ni lazima mkopaji aelezwe gharama za mkopo kabla ya kuupokea. Benki Kuu huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Kuitazama orodha hiyo kabla ya kukopa ni kazi ya dakika chache, na kijana yeyote nyumbani aweza kumsomea mamake.

Kanuni hizo hizo zakataza vitisho na matusi, na zakataza mdai kuchokora majina yaliyomo katika simu ya mdaiwa ili awatumie watu ujumbe. Hili twalitilia mkazo, kwa kuwa ndilo linalovunja nyumba. Mume hupata habari ya deni kwa shemeji, naye shemeji kaipata kwa mtu asiyemjua. Twajua katika Hadithi kwamba mtu mmoja alimdai Mtume (S.A.W.) kwa maneno makali, maswahaba wakataka kumdhuru, Mtume akawazuia kwa kuwa mwenye haki ana nafasi ya kunena. Naam, lakini mtu yule alinena na aliyemdai, uso kwa uso. Hakwenda kwa jamaa zake. Aliyefanyiwa fedheha hiyo na auhifadhi ujumbe, asiufute kwa haya, kisha apeleke malalamiko Benki Kuu au katika ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ambayo imekwisha kuwatoza faini wakopeshaji kwa makosa ya namna hii.

Kwa mikopo ya benki iko kinga nyingine. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki chasema kwamba mkopo ukishaingia katika hali ya kutolipwa, riba itakayodaiwa tangu hapo haiwezi kuzidi kiasi cha deni asili kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Anayeambiwa kwamba deni lake limezaana mara nne na aombe hesabu yote kwa maandishi.

Kubwa zaidi kwa kina mama ni nyumba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 79, yasema kwamba rehani ya nyumba wanamoishi mume na mke haisihi ila mwenza aishiye humo awe ametia saini au ridhaa yake ionekane katika hati. Wakiwa wake wawili chini ya paa moja, ni wote wawili. Basi mama akiletewa karatasi jioni, akaambiwa atie saini tu kwani ni desturi ya benki, na ajue kwamba saini ile ndiyo ufunguo wa mlango wake. Ana haki ya kuuliza ni kiasi gani, ni kwa kazi gani, na ya kuipeleka karatasi kwa wakili kwanza. Kuuliza huko si utovu wa adabu kwa mume.

Na dalali akija na amri ya mahakama, Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 44, yamzuia kuchukua nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na ya mkewe na watoto, wala zana za ufundi wake. Cherehani aliyoinunua mke kwa pesa zake si mali ya mume. Ikichukuliwa kwa deni la mume, mke aweza kuweka pingamizi mahakamani.

Wengi huleta kadhia hizi kwa Kadhi. Mamlaka yake kwa mujibu wa Ibara ya 170 ni hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Madeni ya biashara hayamo. Mlango wake ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo iko Mombasa pia. Husikiza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kujisimamia mwenyewe bila wakili.