Homa kwa mgonjwa wa lupasi: CRP inatuambia nini?

Ukiamka Ilomba na homa, viungo vinauma na mwili umechoka, wazo la kwanza ni malaria, UTI au taifodi. Lupasi hatuiwazi. Huu ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, na takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake.

Kwa anayejulikana tayari kuwa na lupasi, swali ni gumu zaidi: je, lupasi imeamka, au ni maambukizi? Lupasi ikiamka, daktari anaweza kuongeza prednisoloni, dawa inayoshusha kinga. Kama kumbe ni TB au nimonia, tumewafungulia vijidudu mlango.

Sasa tuangalie damu. Seli za kinga huwasiliana kwa saitokaini, yaani protini ndogo zinazobeba ujumbe. Mojawapo, interleukini-6, hulichochea ini litengeneze protini iitwayo CRP. Ndiyo maana bakteria wakivamia, CRP hupanda ndani ya saa chache.

Kwenye lupasi, anayepiga kelele zaidi ni saitokaini nyingine: intaferoni. Kazi yake ya kawaida ni kutoa tahadhari dhidi ya virusi, ila kwa wagonjwa wengi wa lupasi tahadhari hiyo haizimiki. Na maabara imeonyesha kwamba intaferoni alfa inalizuia ini kutengeneza CRP.

Kwa hiyo lupasi ikiamka, mara nyingi ESR hupanda huku CRP ikibaki chini au ikipanda kidogo tu. CRP ikiwa juu sana, maambukizi yatafutwe haraka. Lakini hii siyo sheria: lupasi ikivimbisha viungo au utando wa mapafu na moyo, CRP nayo hupanda. Ndiyo maana daktari huangalia pia picha kamili ya damu, mkojo, na makohozi kama kuna kikohozi.

Na dawa? Anifrolumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, huziba mahali intaferoni inapojishikiza kwenye seli. Hidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini tuliyotibia malaria zamani, inapunguza utengenezaji wa intaferoni yenyewe, na ndiyo dawa ya msingi ya lupasi duniani kote.

Una lupasi na homa imekupanda? Usijiongezee prednisoloni, wala usiiache ghafla. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na useme mapema kwamba una lupasi.